Kadi Kumi na Mbili

Watoto walimwita Mwalimu Ngazi, na yeye mwenyewe alijua, maana mtoto wa darasa la pili hana siri; ukimkalia kimya dakika mbili atakumwagia hata ya chumbani kwa wazazi wake. Jina lilitokana na vizibo. Kila mwaka, somo la takwimu lilipofika, aliwatuma watoto wakaokote vizibo vya soda, wakaja navyo mifuko imetuna, akawafundisha kuvibandika ukutani kwa gundi. Kizibo kimoja kwa kila anayekuja shule kwa miguu, kimoja kwa kila anayeletwa kwa baiskeli. Nguzo za vizibo zikapanda, fupi na ndefu, na mtoto ambaye bado jina lake analiandika kwa kuotea akaweza kukuonyesha kwa kidole wapi ni wengi na wapi ni wachache. Miaka ishirini na sita aliifanya kazi hiyo. Walimu wengine waliliacha somo hilo mpaka mwisho wa muhula, wakalifundisha mbiombio kama mtu anayeanua nguo mvua imeshaanza. Yeye alianza nalo.

Lakini kila mtu na ugonjwa wake, na ugonjwa wa mwalimu huyu ulikuwa unadhifu. Alipenda grafu inayopanda taratibu, moja, mbili, tatu, kama ngazi ya kupandia darini. Grafu ya namna hiyo aliinyanyua juu darasa zima liione, kisha akaigonga muhuri wa nyota. Iliyorukaruka aliitilia shaka, akamrudishia mwenyewe na neno moja: rudia. Mara nyingi alikuwa na haki, kwa sababu mtoto wa miaka saba ukimwambia ahesabu wapita njia atahesabu na mbwa wao. Ila mara nyingi si mara zote, na mtu anayefundisha watoto somo la bahati na uwezekano alipaswa kulijua hilo kuliko wote.

Mwanzoni mwa muhula wa mwaka huu alitoa kazi: kila mtoto asimame bombani jioni, siku tano, ahesabu ndoo zilizopanga foleni. Kadogo, binti mdogo kuliko wote darasani, aliyekalia mkoba wake ili aone ubao, alileta nguzo tano: sita, saba, nane, kumi na tisa, tisa. Mwalimu aliicheka ile kumi na tisa. Akaizungushia wino mwekundu, akamuuliza kama siku hiyo alihesabu na ndoo za malaika. Darasa likaangua kicheko. Akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba ngazi hairuki. Ukiona imeruka, ujue mhesabuji ndiye aliyejikwaa. Kadogo hakusema kwamba siku hiyo bomba la mtaa wa pili lilikuwa limekatika na watu wote wakamiminika kwao. Alirudi kukaa, akafuta, akaandika tisa, na ile tisa ya mwisho akaigeuza kumi. Akagongewa muhuri wa nyota.

Ufa ulikuwa ukutani mwa darasa tangu mwaka uliopita. Ulianzia pembe ya dirisha la katikati, ukashuka kwa mshazari mpaka sakafuni, mwembamba, wa kuonekana tu na mtu asiye na kazi. Baada ya mvua za mwaka huu ulifunguka. Asubuhi jua likipiga nje, mstari wa mwanga uliingia darasani na kulala sakafuni, na watoto wakawa wanaurukaruka wakati wa kuingia.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba, kwa sababu chumba hicho alikijenga mume wake. Miaka kumi na moja nyuma, Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikijenga kuanzia msingi hadi paa, akiwa na vibarua wanne na kamati ya shule iliyomsimama kichwani kila siku. Siku ya kukizindua alivaa suti ya kuazima, na picha yake akipeana mkono na mgeni rasmi ilikuwa bado sebuleni kwao, imeanza kugeuka rangi ya chai. Lakini mtu huyohuyo, akitoka kazini, aliizunguka shule kwa barabara ya nyuma, dakika kumi zaidi, wakati ile ya mbele ilipita mlangoni kwao. Mkewe alikuwa akimtania kwamba kuna mwalimu anamwogopa. Fundi alicheka kidogo na kubadilisha maneno.

Jioni Mwalimu alipomwambia habari za ufa, Fundi aliendelea kutafuna muda mrefu kuliko tonge lilivyohitaji. Akamuuliza ni mpana kiasi gani. Mkewe akaeleza kwamba vipande vitatu vya boksi la chaki vinaingia pamoja.

"Nyumba zote hupasuka, mke wangu," akasema. "Kadi tatu si kitu. Zikifika kumi na mbili, hapo mtoe watoto."

Mwalimu alilala usingizi mzuri usiku ule. Mtu akikupa namba, hofu hupata mahali pa kukaa. Unajua iko wapi na itafika lini.

Akaugeuza ufa kuwa somo, na usimlaumu haraka, maana ndivyo alivyofanya na kila kitu. Alikata kadi ishirini za boksi la chaki, upana mmoja, akaziandika namba. Kila Jumatatu, saa mbili na nusu, mpimaji angesimama pale penye alama ya penseli, achomeke kadi moja baada ya nyingine mpaka isiingie nyingine, aandike kwenye daftari la darasa, kisha abandike vizibo ukutani kwa idadi hiyo. Alimchagua Kadogo, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba na hakuwa na papara. Kadogo aliichukua kazi ile kama mtu aliyekabidhiwa funguo za benki, akihesabu kimoyomoyo, mgongo ameugeuzia darasa. Wiki ya kwanza, tatu. Ya pili, nne. Ya tatu, tano. Darasa lilishangilia kila kizibo kipya, sitini na mmoja wao, wakapiga meza, na vumbi laini likashuka kutoka juu ya dirisha bila mtu kuliuliza linatoka wapi.

Wiki ya nne, sita. Ya tano, saba. Mwalimu alisimama nyuma ya darasa akaitazama ngazi ile, akaona haina kasoro. Aliichora kwenye karatasi, akaipeleka kwa mwalimu mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya kulainisha, ambaye ofisini kwake alibandika kwa maandishi makubwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Alikuwa ameiweka methali hiyo pale kwa ajili ya watoro. Aliisoma grafu, akauliza shule itafungwa lini. Wakahesabu pamoja kwa kidole: wiki ya tisa, kadi kumi na moja. Chini ya kumi na mbili. Mafundi wataitwa likizo, akasema, kamati ikishakutana, kwa sasa hakuna chumba kingine, na darasa la kukaa nje litaleta maneno kwa wazazi.

"Una uhakika na hizi namba?" alimuuliza.

"Grafu haidanganyi, Mwalimu Mkuu," akajibu, na moyoni alijisifu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo. Mlango wa darasa ulianza kugoma. Asubuhi ulihitaji kusukumwa kwa bega, na ulipofunguka ulilia. Kioo cha dirisha la katikati kilipasuka chenyewe wakati wa somo la kusoma, kimya, mstari mmoja wa kona kwa kona, na mtoto aliyekaa karibu akaapa kwamba hakukigusa. Akaadhibiwa kwa kuapa. Madawati ya upande wa dirisha yalikutwa kila asubuhi yana unga wa lipu, na watoto wakawa wanaandika majina yao humo kwa vidole kabla ya kufuta. Mwalimu aliyaona yote haya. Usiku mmoja alimwambia mumewe kuhusu mlango, na Fundi akasema ni mbao, mbao hunywa maji zikavimba. Kisha akazima taa mapema kuliko kawaida yake.

Mwalimu alikuwa na ngazi yake ukutani. Kila alipoingiwa na hofu aliitazama, ikamtuliza.

Wiki ya sita, nane. Siku hiyo alifundisha bahati. Alitia maharage kumi na moja meupe na moja jekundu kwenye mfuko wa kitambaa, akawapanga watoto waje mmoja mmoja, kila mmoja achukue bila kuchungulia, asirudishe. Kabla ya kila mmoja kuchukua, darasa liliulizwa: jekundu litatoka? Walikuwa na majibu matatu tu waliyofundishwa, haiwezekani, huenda, na lazima. Walianza kwa huenda. Meupe yakatoka, moja, mawili, matano, manane, na kwa kuwa jekundu lilikuwa halijaonekana, sauti za haiwezekani zikaongezeka. Walilisahau. Lilipotoka la kumi na moja, jeupe, darasa zima likapiga kelele kwamba jekundu halimo. Ni Kadogo peke yake aliyekuwa amekaa kimya, mikono mapajani, akiutazama mfuko.

"Wewe unasemaje?" mwalimu akamuuliza.

"Lazima," Kadogo akasema. "Limebaki hilo tu." Na akaugeuza uso kuelekea dirishani. Mwalimu alimsifu kwa jibu na hakuufuata uso ule ulikokwenda. Baadaye angeikumbuka dakika hiyo mpaka imchoshe.

Jumatatu ya saba Kadogo hakuja. Ndugu yake alileta habari kwamba ana homa. Kadi alipewa mvulana mmoja mwenye mbwembwe waliyemwita Spika, akasimama mbele ya ufa, akaanza kuchomeka huku akihesabu kwa sauti. Darasa lilihesabu naye. Walipofika tisa, ambayo ndiyo iliyotarajiwa, mwalimu alikuwa ameshageuka kuchukua kizibo. Spika akaendelea. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Watoto wakaanza kucheka wakidhani anafanya mzaha, na mwalimu naye alidhani hivyo, akageuka na kofi la maneno mdomoni. Kumi na saba. Ishirini. Spika hakuwa na kadi nyingine. Alizisukuma kidogo zikae sawa, na zote ishirini zikateleza kwa pamoja, zikatumbukia ndani ya ukuta. Walizisikia zikianguka huko chini.

Mwalimu alikwenda, akachomeka mkono wake. Vidole vinne viliingia mpaka kwenye mapingili, na huko ndani palikuwa na upepo.

Hakupiga kelele. Aliwaambia waondoke mstari kwa mstari, kuanzia dirishani, waache mikoba, anayezungumza atabaki na yeye. Alitoka wa mwisho, mkononi ana daftari la darasa pekee, na pale uani, watoto wakiwa wamekaa chini karibu na mlingoti wa bendera, akalifungua ukurasa wa vipimo. Sita ya wiki ya nne ilikuwa juu ya mahali palipofutwa. Aliinua karatasi kwenye jua. Chini ya sita palikuwa na nane. Chini ya saba palikuwa na kumi na moja. Chini ya nane ya wiki iliyopita, iliyofutwa kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, palikuwa na kumi na tano.

Mwalimu mkuu alikuja amekunja uso. Aliingia darasani mwenyewe, akasimama kando ya ufa, akaupiga ukuta kofi mara mbili kama mtu anayempongeza ng'ombe, akatoka na vumbi begani. Ukuta ulikaa. Akasema kwamba ameona, wote wameona, na kwamba hofu ya mtu mmoja haiwezi kuendesha shule. Leo atamwachia. Kesho saa mbili ama darasa liko ndani, ama yeye anapokea barua ya kuachishwa kazi. Mwalimu alibakiza miaka minne kustaafu, na wote wawili walijua.

Nyumbani alimkuta Fundi anapiga msasa mpini wa mwiko. Hakuvua hata viatu. Alimwambia kadi ni zaidi ya ishirini, na tena zilishapita kumi na mbili bila mtu kujua, na ukuta ungali umesimama, sasa amwambie basi, ile kumi na mbili maana yake nini.

Fundi aliuweka mwiko chini.

"Haina maana," akasema. "Niliitoa kichwani ili ulale."

Kisha yakatoka yote, maana mficha uchi hazai, na huyu alikuwa amelificha lake miaka kumi na moja. Mawe yalikwisha msingi ukiwa nusu, upande wa dirisha. Kamati ilitaka paa lionekane kabla ya mgeni rasmi, ikamwambia apandishe ukuta, yatajazwa baadaye. Akapandisha. Baadaye haikuja. Upande ule ulikuwa umekaa juu ya udongo wa kushindilia na dua. Alikuwa akipita barabara ya nyuma kwa sababu hakuweza kuwaona watoto wakiingia. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake. Alimchukia usiku ule, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na haki ya kumchukia peke yake. Mume alikuwa amempa namba ya uongo, na yeye alikuwa amemfundisha mtoto wa miaka saba kutunga za kwake.

Asubuhi Fundi alichukua timazi yake, akapita barabara ya mbele. Walikwenda pamoja. Kadogo alikuwa amerudi, kajifunga kitambaa shingoni, amekaa na wenzake chini ya mlingoti. Mwalimu alimwita pembeni, akachuchumaa ili macho yao yalingane, akamwonyesha daftari. Hakuwa na haja ya kuuliza mengi.

"Za kweli ni zile za chini, mwalimu," Kadogo akanong'ona. "Lakini ulisema ngazi hairuki. Nikajua nimekosea mimi."

Mwalimu aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni. Alimwambia hakukosea, aliyekosea ni mwalimu, na Kadogo akamtazama kwa mashaka, kwa sababu neno hilo hakuwahi kulisikia kwa mtu mzima.

Mwalimu mkuu alifika na barua mkononi. Fundi hakumsalimia hata shikamoo. Alifunga uzi wa timazi kwenye boriti ya paa iliyotokeza nje, juu ya dirisha, akaiachia ishuke. Timazi ile ya chuma ilining'inia, ikayumba, ikatulia. Chini ilikuwa karibu kuugusa ukuta, lakini juu uzi uliuacha kwa kiganja kizima na zaidi. Kilichoonekana kimesimama kilikuwa kimeinama kuelekea ndani, juu ya madawati. Fundi akaeleza habari za msingi kwa sentensi tatu, akizungumza na uzi. Mwalimu mkuu aliikunja barua, akaitia mfukoni, jasho limemtoka. Halafu, kwa kuwa binadamu akishindwa kuokoa heshima huokoa fanicha, akasema madawati ni mapya, yatolewe kwanza. Waitwe watoto wa darasa la saba, wana nguvu, dakika tano tu.

Walikuja kumi, wakicheka kwa kuwa wamenusurika hesabu. Mwalimu Ngazi alikwenda akasimama mlangoni, akaishika miimo kwa mikono yote miwili.

"Hakuna mguu utakaoingia humu," akasema. "Kuanzia wangu."

"Mwalimu, huenda ukuta usianguke," mwalimu mkuu akasema kwa ile sauti yake ya kulainisha.

"Limebaki hilo tu," akajibu.

Mwalimu mkuu hakumwelewa, lakini hakumsogeza. Wale kumi walisimama, wakachoka kusimama, wakarudishwa. Mwalimu akaja chini ya mlingoti, akaanza somo. Saa nne kasorobo, wakati wanahesabu ndege waliotua juu ya paa, ndege wakaruka wote kwa pamoja. Hakukuwa na mshindo mkubwa kama ambavyo mtu angefikiri. Kulikuwa na mlio wa mlango, kisha ukuta wa dirisha ukaketi ndani, mzima mzima, ukavuta na nusu ya paa, na vumbi likatoka mlangoni likawajia.

Mwalimu alihesabu watoto. Sitini na mmoja. Akahesabu tena, akiwagusa vichwa, kwa sababu hakuiamini. Sitini na mmoja. Mara ya tatu alihesabu akilia. Fundi alikuwa ameketi chini na timazi yake, uzi umemzunguka mkononi, hamtazami mtu.

Vumbi liliposhuka waliweza kuona barabara ya nyuma kupitia darasani. Ngazi ya vizibo ilikuwa imekwenda na ukuta wake. Kadogo alisogea na daftari na penseli, kwa kuwa kazi ilikuwa bado ni yake na jana hakuifanya.

"Mwalimu, leo niandike ngapi?"

"Andika ulichokiona, mwanangu."

Kadogo akatazama muda mrefu. Kisha akakaa, akaanza kuchora nguzo mpya, kisanduku kimoja kwa kila dawati lililofukiwa, akianzia la mbali kuja karibu. Hakufuta kitu. Mwalimu alisimama nyuma yake akaiangalia ikipanda, tano, tisa, kumi na mbili, na kila dawati lilikaa watoto watatu, akawa anazidisha kichwani bila kutaka. Ilipofika kumi na nne, Kadogo akaiweka penseli chini.

"La mwisho ni langu," akasema.